Anayeondoka Aache Funguo

Mwezi Julai 2025 kampuni ya NVIDIA ya Marekani, inayoongoza duniani katika utengenezaji wa kadi za michoro za kompyuta, ilitangaza kwamba vizazi vitatu vya kadi zake, yaani Maxwell, Pascal na Volta, vimefika ukingoni. Draiva kamili ya mwisho ingetolewa Oktoba 2025. Baada ya hapo yangetolewa marekebisho ya usalama tu, kila robo mwaka, hadi Oktoba 2028. Tangazo lenyewe lilikuwa fupi na la kiofisi. Sikuona gazeti letu lolote lililoliandika, wala sishangai, maana habari ya kadi ya michoro haina harufu ya siasa.

Katika makala haya ninakusudia kuonyesha kwamba ina siasa, tena siasa kwa maana yake ya msingi: ni nani mwenye mamlaka ya kuamua kwamba kitu cha mtu mwingine kimekufa, na mwenye kitu ana haki gani siku ya maziko?

Kwa msomaji asiye wa fani hii, naomba nianze na maelezo mafupi. Kadi ya michoro ni kipande cha kompyuta kinachokokotoa picha na kuipeleka kwenye skrini. Kwa kuwa kukokotoa picha ni kufanya maelfu ya hesabu ndogondogo kwa wakati mmoja, kadi hiyohiyo leo ndiyo inayotumika kuhariri filamu, kusanifu majengo, kuchakata picha za setilaiti na kufundisha mifumo ya akili unde. Ili ifanye kazi inahitaji mambo matatu. Kwanza, tundu la kuchomekwa kwenye ubao mkuu wa kompyuta, ule ambao mafundi wetu huuita mazabodi. Pili, waya wa kuifikisha picha kwenye skrini. Tatu, draiva, yaani programu inayofasiri maagizo ya kompyuta yawe lugha inayoeleweka na kadi.

Kwa hiyo kadi ya michoro ina njia tatu za kufa: kifo cha tundu, kifo cha waya na kifo cha draiva. Vifo viwili vya kwanza tumevizoea na tumejifunza kuishi navyo. Hiki cha tatu ndicho kilichonishikisha kalamu.

Tuanze na tundu. Mwaka 1997 Intel ilileta sokoni tundu la AGP, lililobuniwa mahususi kwa ajili ya kadi za michoro. Lilitamba kwa miaka saba hivi. Ilipofika 2004, Intel hiyohiyo ikatoa seti mpya za chipu, za familia ya 915 na 925, zenye tundu la PCI Express, na AGP haikuwemo tena. Sababu ya kiufundi ilikuwa ya kweli. AGP katika ubora wake wa mwisho ilipitisha gigabaiti 2.1 hivi kwa sekunde, ilhali PCI Express ya kwanza, katika tundu lake kubwa, ilipitisha gigabaiti 4 kwa kila upande. Kadi ya AGP haiingii katika tundu la PCI Express hata uibembeleze vipi.

Hata hivyo, mwenye kompyuta ya AGP hakunyang'anywa kitu. Kadi yake na ubao wake viliendelea kuelewana kama kawaida. Zaidi ya hayo, NVIDIA na ATI walibuni vipande vya daraja vilivyowezesha chipu iliyokusudiwa PCI Express kuishi juu ya kadi ya AGP, na kadi za namna hiyo ziliendelea kuuzwa kwa miaka kadhaa. Kiwango cha zamani kilistaafu kwa mpangilio, huku kikipewa mkongojo.

Tuje kwenye waya. VGA ililetwa na IBM mwaka 1987 pamoja na kompyuta zake za PS/2. Ni lile tundu la pini 15, mara nyingi la rangi ya buluu, ambalo kila aliyewahi kufunga kompyuta analijua. Wengine wote waliiga, na likawa lugha ya pamoja ya skrini kwa zaidi ya miaka ishirini. Tarehe 8 Desemba 2010 kampuni za AMD, Dell, Intel, Lenovo pamoja na vitengo vya skrini vya Samsung na LG zilitoa tamko la pamoja: VGA ingeondolewa hatua kwa hatua ifikapo 2015, na nafasi yake ingechukuliwa na DisplayPort na HDMI. Kadi ya AMD ya R9 290 iliyotoka 2013 haikutoa tena mawimbi ya analogi. Kwa upande wa NVIDIA, GTX 1080 ya 2016 ilifuata mkondo huohuo.

Mhadhiri yeyote hapa nchini ameionja habari hii kwa mikono yake mwenyewe. Projekta iliyoning'inia darini ina tundu la VGA, kompyuta mpakato mpya ina HDMI au lile tundu dogo la USB-C, na dakika kumi za kwanza za kipindi huisha kwa kuulizana nani ana adapta. Hata hivyo kero hii ina dawa, nayo inauzwa Kariakoo. Adapta ipo kwa sababu siri za VGA zilikuwa hadharani kwa miaka mingi, na fundi yeyote duniani angeweza kutengeneza kifaa cha kuifasiri. Kiwango kilipokufa, maarifa yake hayakuzikwa nacho.

Hapa pana jambo la kisiasa ambalo sisi Waafrika Mashariki tunapaswa kulitambua mapema, kwa kuwa tumewahi kulipitia. Tarehe 31 Desemba 2012 Tanzania ilianza kuzima mitambo ya televisheni ya analogi, kwa kuanzia na Dar es Salaam. Wananchi walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika, maana aliyekuwa na televisheni nzima sebuleni alijikuta hana kitu bila kununua king'amuzi. Nchini Kenya shauri lilifika mahakamani na uzimaji ukasogezwa hadi 2015. Lakini uamuzi ule, pamoja na kasoro zake, ulikuwa na mzazi anayejulikana. Ulitokana na makubaliano ya mwaka 2006 mjini Geneva chini ya Shirika la Mawasiliano Duniani, ambako mataifa ya Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati yaliweka saini na kupanga Juni 2015 iwe tarehe ya ukomo. Serikali zilikuwepo. Mbunge aliweza kumhoji waziri, na raia aliweza kumshtaki mdhibiti.

Lile tamko la 2010 kuhusu VGA halikuwa na bunge wala mdhibiti. Kampuni sita zilikaa, zikaamua, zikatangaza, na shule ya kata yenye skrini za VGA ikawa imeamuliwa. Sisemi uamuzi ulikuwa mbaya. Nasema kwamba aina ileile ya uamuzi, wenye uzito uleule kwa mwananchi, katika televisheni uliitwa sera na katika kompyuta ukaitwa habari za biashara. Tulichokiita sera tuliweza kukijadili. Hiki cha pili tumekipokea kama tunavyopokea mvua.

Sasa tukitazame kifo cha tatu. Kadi inayokufa kwa draiva haijapoteza tundu wala waya. Chukua GTX 1060, iliyotoka Julai 2016. Kwa miaka kadhaa ndiyo iliyoongoza katika takwimu za kila mwezi za Steam, duka kubwa la michezo ya kompyuta, kama kadi inayotumiwa na watu wengi zaidi. Inaingia vizuri katika ubao wa kisasa, ina HDMI na DisplayPort, feni yake inazunguka na hesabu zake ziko sahihi. Kinachokwisha ni tafsiri. Mfumo endeshi unasonga mbele, programu zinasonga mbele, na mkalimani aliyekuwa akisimama baina yao na kadi amepewa likizo isiyo na mwisho.

Mwezi Agosti 2025 ilitoka CUDA 13, toleo jipya la zana za NVIDIA zinazotumiwa na watafiti kufanyia hesabu kwenye kadi hizo. Ndani yake Maxwell, Pascal na Volta zimeondolewa. Wiki chache baadaye, tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ikahitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, ilhali Windows 11 kwa jumla hukataa prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, kile cha 2017. Ndani ya miezi michache, kompyuta nzima isiyo na ubovu wowote ilifungiwa milango miwili.

Kwa ukumbi wa mihadhara jambo hili si nadharia. Volta ndicho kizazi cha kwanza cha NVIDIA kuwa na sehemu maalumu za hesabu za akili unde, na kadi za V100 za 2017 bado ni mashine ambazo idara nyingi za vyuo vya nchi maskini zingezipokea kwa mikono miwili. Mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili alikusanya akiba yake, akanunua kompyuta ya mitumba yenye GTX 1060, akaanza kufundisha mfumo wa kutambua magonjwa ya majani ya mihogo. Kazi inakwenda, kwa kuwa matoleo ya zamani ya zana bado yanapatikana. Lakini kila maktaba mpya ya programu inayotoka inamsogeza hatua moja nje ya chumba. Hataambiwa atoke. Atabaki amesimama palepale mpaka atakapogundua kwamba mazungumzo yamehamia chumba kingine.

NVIDIA inajitetea kwamba imezihudumia kadi hizi kwa muda mrefu kupita kawaida ya tasnia, baadhi yake kwa miaka kumi na moja. Utetezi huu ni wa haki na nisingependa kuupuuza. Kutunza draiva ni kazi. Kila toleo jipya la mfumo endeshi linadai kadi zote za zamani zijaribiwe upya, na kila mstari wa msimbo wa zamani ni mahali ambapo udhaifu wa kiusalama unaweza kujificha. Hakuna kampuni inayoweza kubeba kila ilichowahi kukizaa hadi kiyama.

Ila kuna swali la saa. Saa ya mtengenezaji huanza kuhesabu siku kadi inapozinduliwa. Saa yetu huanza siku kadi inapofika kwetu. Kompyuta nyingi zinazotumika katika ofisi zetu ndogo, studio za mitaani, vituo vya kuchapisha na shule zimewahi kuwa na bwana mwingine, Ulaya, Marekani au Ghuba, kabla ya kushushwa bandarini. Kadi ya 2016 iliyofanya kazi miaka sita ughaibuni ikaingia Dar es Salaam au Mombasa mwaka 2022 mwaka 2025 ilikuwa na umri wa miaka tisa kwa kalenda ya California, na mitatu kwa kalenda ya aliyeinunua kwetu. Miaka tisa ya ukarimu inapotufikia huwa imebaki makombo.

Kutokana na hali hiyo tunazaliwa na udhaifu wa pili, nao ni wa sauti. Mapema mwaka 2025 iligundulika kwamba kadi mpya za NVIDIA za familia ya RTX 50 zimeacha kuendesha programu za biti 32 za CUDA, na michezo ya zamani iliyotegemea PhysX ikazorota. Wachezaji walipiga kelele, na Desemba mwaka huohuo kampuni ikarudisha uwezo huo kwa baadhi ya michezo. Mwishoni mwa 2025 AMD nayo ilidokeza kwamba kadi zake za vizazi viwili, zikiwemo za RX 6000 zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2020, zitawekwa kando katika uboreshaji wa michezo mipya. Wateja wakachachamaa, na ndani ya siku chache kampuni ikatoa ufafanuzi kwamba kadi hizo zitaendelea kuhudumiwa. Kelele hufanya kazi, basi, lakini kelele za nani? Za aliyenunua kadi mpya dukani na anayetarajiwa kununua nyingine. Mnunuzi wa mitumba hakumlipa mtengenezaji hata senti, kwa hiyo katika vitabu vya mtengenezaji hayupo. Soko la mitumba halina kura.

Nimefika kwenye kiini cha hoja yangu. Kama tatizo lingekuwa umri tu, ningewashauri wasomaji wavumilie, maana wahenga walishatuambia kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi hufua koleo jingine. Kwa miaka mingi katika ulimwengu wa programu huria wahunzi hao wamekuwepo. Ni watu wanaoandika draiva za kadi zilizoachwa, wengine kwa kujitolea na wengine kwa ajira ya kampuni nyingine, na kuziweka katika Linux bila malipo. Kwa kadi za NVIDIA kazi hiyo inaitwa Nouveau, nayo ilianza kwa kuchunguza kadi kutoka nje, kama mtu anayejifunza lugha kwa kusikiliza mlangoni, kwa kuwa kampuni haikutoa vitabu vyake.

Tangu kizazi cha pili cha Maxwell, kilichotoka Septemba 2014, NVIDIA imeweka kufuli. Programu ndogo inayokaa ndani ya kadi na kusimamia umeme na kasi yake haikubaliwi na kadi isipokuwa ina saini ya kidijitali ya NVIDIA yenyewe. Wahunzi wa Nouveau wanaweza kuiwasha kadi na kuonyesha picha, lakini hawawezi kuipandisha kasi. GTX 1060 iliyo mikononi mwao inabaki katika mwendo wa kuamkia, mithili ya lori lililofungwa lisitoke gia ya kwanza. Kadi zilizotangulia kufuli hilo zinaweza kupandishwa kasi. Kadi za 2018 na kuendelea, za kizazi cha Turing, zina msimamizi wa ndani ambaye NVIDIA imekubali atumiwe na draiva huria, na Mei 2022 kampuni ilifungua hata sehemu ya msimbo wake wa Linux kwa ajili ya kadi hizo. Zilizobaki katikati, za tangu mwishoni mwa 2014 hadi 2017, zimetumbukia kwenye pengo: aliyezizaa anaziacha, na aliye tayari kuzilea amefungiwa nje.

Hilo ndilo ninalolikataa. Kumaliza huduma ni haki ya mtengenezaji. Kumaliza huduma huku umefunga mlango na kuondoka na funguo ni dhuluma. Mwenye nyumba anayehama ana haki ya kutofagia tena ua, lakini hana haki ya kukifunga kisima alichokiuza pamoja na kiwanja.

Najua jibu litakalokuja. Litasema kufuli lile ni kinga dhidi ya walaghai wanaochukua kadi dhaifu, wakaibadilisha programu yake ya ndani, wakaiuza kwa jina la kadi kubwa. Ulaghai huo upo, na masoko yanayotegemea bidhaa zilizokwisha kutumika ndiyo yaliyo rahisi kuumizwa nao. Lakini jibu hili linachanganya vitu viwili. Hakuna anayeidai kampuni ile saini yake ya siri. Kinachohitajika ni kampuni yenyewe itoe, siku ya kuaga, programu ya ndani iliyokwisha kusainiwa inayoruhusu draiva huria kusimamia kasi na umeme, pamoja na kitabu cha kuielezea. Mlaghai hatapata lolote hapo, maana saini inabaki kwa mwenyewe. Fundi atapata kila anachohitaji.

Kwamba jambo hili linawezekana si ndoto, kwa sababu mshindani wao amelifanya. Mwaka 2007 AMD, iliyokuwa imeinunua ATI mwaka uliotangulia, ilianza kutoa hadharani nyaraka za kiufundi za kadi zake na kusaidia draiva huria. Matunda yake yanaonekana leo. Kadi za Radeon HD 7000, zilizoanza kuuzwa katika majira ya 2012, ziliondolewa katika huduma rasmi ya AMD mwezi Juni 2021. Katika Linux hazikufa. Mwishoni mwa 2025 kazi ya wahandisi wa nje ya AMD ilizihamisha kadi hizo kwenye draiva ya kisasa zaidi, zikapata uwezo ambao hazikuwa nao zilipokuwa mpya. Kadi yenye umri wa mtoto wa sekondari inaboreshwa baada ya aliyeiunda kuiaga, na AMD haijafilisika kwa hilo.

Kuna upande mwingine ambao wapenzi wa mazingira wanapaswa kuutilia maanani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 kuhusu taka za kielektroniki inaonyesha kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizojulikana kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Tangu tarehe 1 Januari 2025, marekebisho ya Mkataba wa Basel yanataka taka zote za kielektroniki, ziwe za sumu au zisiwe, zisivuke mpaka bila nchi inayopokea kuridhia kwanza. Ni hatua njema. Lakini mpaka baina ya mtumba na taka ni upi? Ni kama kifaa kinafanya kazi. Na kifaa cha leo kinafanya kazi kwa idhini ya draiva. Kontena lililopakiwa likiwa na bidhaa linaweza kuteremshwa likiwa limebeba mzigo unaonyemelea kuwa taka, bila hata skrubu moja kulegea njiani, kwa sababu tu kuna tarehe iliyopita. Aliyeiweka tarehe hiyo hatozwi gharama ya dampo.

Wenzetu wa Ulaya wameanza kuliona tatizo hili. Mwaka 2015 Ufaransa ilifanya kufupisha makusudi uhai wa bidhaa kuwa kosa la jinai. Februari 2020 Apple ililipa faini ya euro milioni 25 nchini humo kwa kutowaeleza wateja kwamba masasisho ya programu yangepunguza kasi ya simu zao za zamani. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha maelekezo kuhusu haki ya kukarabati. Ila orodha ya bidhaa zake ina mashine za kufulia, majokofu, simu na kadhalika. Kadi za michoro hazimo. Tusikae tukisubiri Brussels itukumbuke. Sheria za Ulaya zinamlinda mnunuzi wa kwanza, na sisi kwa kawaida ni mnunuzi wa pili au wa tatu.

Tufanye nini, basi? Sipendekezi Tanzania iitishie NVIDIA vita. Kampuni ile haitatetereka kwa barua ya wizara moja. Napendekeza mambo matatu ambayo yako ndani ya uwezo wetu.

La kwanza ni zabuni. Serikali, vyuo vikuu na hospitali zetu ni wanunuzi wakubwa wa kompyuta mpya, na ununuzi wa umma sasa unapita katika mfumo wa NeST. Nyaraka za zabuni zinataja kasi ya prosesa na ukubwa wa diski hadi tarakimu ya mwisho, lakini ni nadra kukuta swali hili: huduma ya draiva itakoma lini, na ikikoma, nani mwingine ataruhusiwa kuiendeleza? Mamlaka ya Serikali Mtandao na wadhibiti wa ununuzi wa umma wanaweza kulifanya swali hilo kuwa sharti. Muuzaji anayeleta kadi yenye draiva huria apewe alama za ziada. Hili halihitaji sheria mpya, linahitaji aya moja.

La pili ni umoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi wanachama nane. Nchi moja moja hatusikiki, lakini soko linaloanzia Zanzibar hadi Kinshasa lina uzito. Mashirika yetu ya viwango yamezoea kukubaliana kuhusu mabati, saruji na mafuta ya kula. Yanaweza pia kukubaliana kuhusu kanuni moja ya vifaa vya kompyuta vinavyouzwa vikiwa vipya katika ukanda huu: siku ya kukoma kwa huduma itajwe wazi kwenye boksi, na siku hiyo ikifika nyaraka na programu za ndani zilizosainiwa ziwekwe hadharani. Kanuni kama hiyo ndiyo itakayoupa usikivu ule uchumi wa mitumba usio na kura.

La tatu linatuhusu sisi walimu. Tunawafundisha vijana kutumia zana za kampuni, na tunawapa vyeti vya kuzitumia, lakini hatuwafundishi vya kutosha namna zinavyofanya kazi kwa ndani. Mhitimu wa sayansi ya kompyuta asiyewahi kusoma msimbo wa draiva ni kama fundi wa magari asiyewahi kufungua boneti. Vyuo vyetu na vituo vya VETA vina ghala la kadi za zamani ambalo nchi tajiri hazina. Tuzigeuze kuwa maabara. Hata mlango ukifunguliwa kesho, utamfaa tu anayejua kuingia.

Haya yote hayahitaji kuichukia kampuni yoyote. Kadi hizi ni kazi ya akili nyingi za watu, na waliozibuni wanastahili pongezi na faida yao. Lakini kitu kikishauzwa, kimeuzwa. Mtengenezaji anayesema amechoka kukitunza, tumwitikie kwa heri na tumshukuru kwa miaka aliyotuhudumia. Kabla hajatoka tumuombe jambo moja, na akikataa tumlazimishe kwa sheria: aziache funguo mezani. Nyumba ni yetu, na humu ndani bado tunaishi.